Nyaya Zilizonyooshwa

Siku Fundi Waya alipofariki, kompyuta ya mke wake ilipiga kelele moja ndefu, kisha ikanyamazishwa katikati.

Mama Chapa aliisikia akiwa sebuleni, ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, wanawake wawili wamemshika mabega kana kwamba angeweza kuruka. Mumewe alikuwa ametoka asubuhi kwenda kutazama jokofu la duka la dawa lililogoma kupoza. Alisema, "Funika chai yangu, sikawii." Saa nne wakaja watu wawili kusema ameanguka mlangoni mwa duka, bisibisi mkononi, na daktari aliyeitwa hakuwa na la kufanya. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa imejaa. Viti viliazimwa kwa majirani, kabati likasukumwa hadi ukutani, na chumba cha kazi, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, kikatakiwa kitolewe vitu ili wageni wapate pa kukaa.

"Nani yuko chumbani kwangu?" aliuliza.

"Tulia, dada. Ni shemeji yako, anasogeza meza."

"Kompyuta inawaka. Mwambieni asiiguse."

"Haharibu kitu. Wewe tulia."

Kilichotokea alikijua bila kuambiwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameweka mzigo wa majalada juu ya kibodi. Vitufe vikabanwa vyote kwa pamoja, na mashine ikapiga honi kama gari lililozibiwa njia. Naye, kwa kutojua la kufanya, akang'oa kila kilichong'oka. Honi ikakatika. Mama Chapa, ambaye tangu saa nne hakuwa ametoa hata chozi, akaangua kilio. Wanawake wakashusha pumzi, na mmoja wao akasema, "Afadhali. Alikuwa ameshikilia mno."

Mtaani walimwita Mama Chapa kwa sababu ya vidole vyake. Tangu alipomaliza shule ya sekondari alikuwa akipiga chapa, kwanza kwa taipureta ya chuma, baadaye kwa kompyuta. Hata presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, mwaka hadi mwaka, vidole havikupotea njia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao vya baraza la ardhi na kuzigeuza maandishi, neno kwa neno, pamoja na matusi ya wagomvi na kukohoa kwa mwenyekiti. Kila Jumatatu karani wa baraza alipita kuchukua kazi ya wiki na kumwachia rekodi mpya. Kompyuta ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti yaliyoko kwenye skrini. Yeye na mumewe waliiita Msomaji.

Ila Msomaji alikuwa na kasoro moja: alikuwa wa mwisho kuamka na wa kwanza kulala. Ukiwasha mashine, zilipita dakika kadhaa za ukimya kabla hajafungua kinywa. Ukiifunga, alinyamaza wakati diski ndani bado inahangaika kuhifadhi kazi. Katika ukimya huo mwenye macho hutazama skrini. Mama Chapa alikuwa hana cha kutazama, na mashine yenyewe ilikuwa kizee chenye vituko. Kishikio cha betri yake ya saa kilikuwa kimeliwa na kutu, basi kila asubuhi ilisahau tarehe, ikasimama na kuuliza, na haikuendelea mpaka ibonyezwe kitufe fulani. Ukikibonyeza kabla haijauliza, ilikutupa kwenye ukurasa wa mipangilio, huko ambako Msomaji hakuwahi kufika. Kujizima nako ilikuwa imeshindwa zamani. Ilibidi uikate ukutani kwa mkono wako, tena uikate diski ikiwa imeshatulia, la sivyo kazi ya siku inaweza kuharibika.

Sasa, ndani ya kompyuta za zamani mna kipaza sauti kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti. Hulia mara moja mashine inapoamka salama, hulia mara mbili inapouliza jambo, na hupiga makelele inapoumwa. Fundi alikiita honi. Sauti yake ni nyembamba kama ya mbu, na chumba cha kazi kilitazamana na barabara. Lori likipita, huisikii. Basi Jumapili moja, miaka tisa kabla ya kifo chake, Fundi alifungua kompyuta, akaing'oa ile honi, na mahali pake akafunga waya. Akachukua kinasa sauti cha simu ya mezani iliyokufa, kile cha upande wa mdomoni, akakigandisha kwa gundi ubavuni mwa diski, nacho akakifunga waya. Waya wa tatu akautoa kwenye sauti ya kawaida, yaani ya Msomaji. Nyaya zote tatu akazipitisha kwenye tundu moja nyuma ya kompyuta na kuziingiza katika kopo la biskuti, ambamo alikuwa ameunganisha vikorokoro anavyovijua mwenyewe. Kopo likapeleka kila kitu kwenye spika mbili kubwa za mbao.

Tangu siku hiyo honi ililia kwa kifua cha mtu mzima, na diski ilisikika ikitafuna kama panya kwenye gunia la mahindi. Ilipoacha kutafuna, Mama Chapa alijua ni salama kukata umeme.

"Kaka, mkeo anasikiliza tumbo la kompyuta," Shemeji alizoea kutania.

"Na wewe unasikiliza tumbo lako tu," Fundi alikuwa akimjibu. "Kaa ule, maana ndilo lililokuleta."

Jambo moja zaidi ni lazima lijulikane. Fundi alikuwa amerithi mfuko mzima wa pini za aina moja kutoka kwa fundi mwenzake aliyefunga duka, na kwa miaka yote hiyo hakutumia pini nyingine. Kwa hiyo nyaya zile tatu zilikuwa sawa kwa unene, sawa kwa urefu, na kila mmoja uliishia kwa pini ileile. Ili mkewe aweze kuzichomoa na kuzirudisha mwenyewe anapofuta vumbi, alizifunga mafundo: fundo moja la honi, mafundo mawili ya diski, matatu ya Msomaji. Matundu ya kopo yakafuata mpango huohuo, kutoka kushoto kwenda kulia. "Ila usije ukakosea," alimwonya. "Tundu la katikati lina umeme wake wa kulisha kile kinasa. Ukichomeka waya mwingine humo unaweza kuua sauti zote." Hakuwahi kukosea hata siku moja. Mafundo yalikuwa yanatosha.

Wiki moja baada ya mazishi, wageni walipokuwa wametawanyika na viti vimerudi kwa wenyewe, Shemeji alirudisha meza na kompyuta mahali pake. Alikuwa fundi cherehani, mtu asiyeweza kuupita uzi uliosokotana bila kuketi na kuunyoosha. Alimwita Mama Chapa kwa furaha, furaha ya kwanza kusikika nyumbani humo tangu msiba.

"Shemeji, njoo upapase mwenyewe. Nimekupangia kama duka jipya."

Mama Chapa akapiga magoti, akapeleka mkono nyuma ya kompyuta. Nyaya zilikuwa zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa, zimefungwa kwa utepe wa kitambaa. Alizipapasa kutoka juu hadi chini, akarudia, akarudia tena.

"Mafundo yako wapi?"

"Mafundo gani?"

"Nyaya hizi zilikuwa na mafundo."

"Ah, hayo! Yalikuwa yanatia aibu, shemeji. Watu wamejaa, wanaona nyaya zimevimba kama zina majipu. Nikaketi nayo mchana mzima. Lile la mwisho lilikaza kweli, ikabidi nitumie sindano."

"Umefungua yote?"

"Yote. Kisha nikazining'inizia pasi ya chuma, ya dukani kwangu ile nzito, siku mbili. Zikanyooka, hata alama hakuna."

Mama Chapa alibaki ameshika nyaya tatu zisizo na tofauti. Angempigia kelele mtu mwingine yeyote. Lakini huyu alikuwa amezika kaka yake, kisha akatumia mchana mzima na sindano kumfanyia wema shemeji yake.

"Yale mafundo yalikuwa majina yake," alisema mwishowe. "Sasa sijui upi ni upi."

"Si ujaribu mmoja mmoja?"

"Nikikosea, sauti inakufa yote."

Shemeji akasikika akijikuna kichwa. "Basi tuite mtaalamu," alisema. "Vitu hivi vina wenyewe."

Mtaalamu alikuja Jumatatu. Manukato yake yaliingia kwanza, yeye akafuata. Alikuwa mtu mzima, msemaji, na alipoliona kopo la biskuti alicheka mpaka akakohoa.

"Hiki nini? Mnapika humu?"

"Hicho ndicho kinachounganisha sauti," Mama Chapa alisema. Akamweleza yote pole pole: honi, diski, matundu matatu, umeme wa tundu la katikati. Alieleza kama anavyoelezwa mtu anayeandika. Mtaalamu hakuandika. Alisikika akivuta nyaya, akisukuma kopo pembeni kwa mguu, akichomeka kitu. Baada ya muda mfupi Msomaji akasema kwa sauti yake ya puani kwamba yuko tayari.

"Kazi kwisha," mtaalamu alisema. "Nimeunganisha spika moja kwa moja kwenye kompyuta. Unasikia inavyoongea?"

"Huyo ni Msomaji. Honi iko wapi?"

"Honi ya nini tena?"

"Ile ya ndani. Na diski. Nilikueleza."

"Mama, watu huniita nije niondoe kelele hizo, sasa wewe unazitaka zitoke kwenye spika kubwa?" Akamgeukia Shemeji na kushusha sauti kidogo, kama watu wanavyofanya wakidhani asiyeona hasikii vilevile. "Mwambie mama kompyuta za siku hizi hazilii kabisa. Anunue mpya. Kimya kabisa."

"Mama yuko hapa," Mama Chapa alisema. "Na kimya ndicho kinachonisumbua."

"Pole sana kwa msiba," mtaalamu akajibu, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa linazungumziwa, akafunga begi lake.

Siku hiyohiyo karani wa baraza alileta rekodi, akatoa rambirambi zake, akasema walikuwa wanamsubiri kwa hamu kwa kuwa hakuna anayepiga chapa safi kama yeye. Kesi ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombea mpaka, na baraza lingekaa tena Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi. Mama Chapa akafanya kazi Jumanne na Jumatano, huku Shemeji akipita asubuhi kabla ya kufungua duka kumtazamia skrini. Kufikia Jumatano jioni kurasa thelathini na moja zilikuwa tayari. Akaamuru mashine ijifunge. Msomaji akaaga. Mama Chapa akakaa akisubiri sauti ya kutafuna, akakumbuka kwamba haipo, akasubiri kiasi alichodhani kinatosha, akakata umeme.

Alhamisi Shemeji alikuwa na shughuli ya sare za shule, hakupita. Mama Chapa akaamua kuiwasha peke yake. Alisubiri, akabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Aliweka kiganja ubavuni mwa kompyuta kama mtu anayempima mgonjwa homa. Feni ilikuwa inazunguka, lakini feni huzunguka kwa uzima na kwa ugonjwa. Akazima, akawasha, akasubiri zaidi. Hakuna. Mara ya tatu alibonyeza mapema, mara ya nne akachelewa, au labda ilikuwa kinyume. Hapakuwa na njia ya kujua. Nje malori yalipita, muuza maji akapiga kengele, watoto wa shule wakarudi kula. Saa saba mchana alikuwa bado ameketi mbele ya mashine inayowaka, hajui iko macho au imelala.

Hasira ikampanda, na mtu wa kuikabidhi hakuwepo. Akalipapasa kopo la biskuti chini ya meza, akaliweka mapajani.

"Hukuandika," aliliambia. "Miaka tisa, kalamu imejaa nyumba nzima, hukuandika hata mstari mmoja. Mafundo! Ulidhani utakuwepo siku zote?"

Akalirudisha kopo chini kwa kishindo, kisha akaogopa kwamba amevunja kitu ndani, akalitikisa taratibu sikioni.

Shemeji alipokuja, futi yake ya kupimia ingali shingoni, alisimama mbele ya skrini akasoma kwa kuvuta. "Imeandikwa kizungu. Kuna tarehe, kuna saa, kuna orodha ndefu."

"Hiyo ndiyo mipangilio. Tafuta njia ya kutoka."

Walihangaika karibu saa nzima. Msomaji alipoamka, Mama Chapa alikwenda moja kwa moja kwenye kazi yake. Jalada lilikuwepo, jina lake lilikuwepo. Ndani, Msomaji alisoma ukurasa mmoja na nusu, kisha akaanza kutaja alama zisizo na maana, mkato, nukta, mkato, nukta, na hakuacha mpaka aliponyamazishwa.

Alimpigia mtaalamu simu. Mtaalamu akasema kompyuta ni nzima, labda yeye ndiye aliyekosea kuihifadhi. Alimpigia karani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha. Karani alisikiliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini ikiwa hata kuiwasha kunahitaji mtu mwenye macho, basi, unaelewa. Kuna bwana mmoja anaiomba kazi hii tangu mwaka jana."

"Jumatatu utapata kazi yako."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Saa tatu na nusu upite."

"Nitapita, mama. Nisipoikuta, itabidi nichukue rekodi nimpelekee yule bwana. Moja kwa moja. Usije ukaniona mbaya."

"Kukuona sikuoni," Mama Chapa alisema. "Wewe pita tu."

Ijumaa alishinda na rekoda sikioni, akisikiliza ndugu wawili wakitukanana juu ya hatua nne za ardhi, lakini akili yake ilikuwa nyuma ya kompyuta. Jioni akaona jambo ambalo, kwa haya au kwa woga, hakuwa amelithubutu. Waya una ncha mbili. Ncha ya nje haina jina, lakini ya ndani imeshikwa mahali. Fundi hakupenda mkewe aingize mkono ndani ya mashine, alisema mna kingo kali, na kwa miaka tisa alimtii. Akampigia Shemeji simu.

"Kesho asubuhi njoo na taa yako ya kushonea. Bisibisi zipo. Maneno yako yaache nyumbani."

"Maneno yangu yamekukosea nini, shemeji?"

"Utayahitaji dukani kwako."

Jumamosi wakailaza kompyuta ubavu juu ya meza. Shemeji alifungua skrubu, akazipanga kwenye kisosi kama vifungo, na alipoinua kifuniko akarudi nyuma hatua moja.

"Haitanirusha?"

"Imechomolewa ukutani. Ukiruka, ni miguu yako mwenyewe imekurusha."

Mama Chapa akaingiza mikono. Vumbi lilikuwa laini kama unga. Alitafuta lile tundu ambamo nyaya zinaingia, akaushika wa kwanza kwa vidole viwili, akaufuata taratibu. Ulizunguka feni, ukateremka, ukaishia kwenye kona ya ubao mkubwa, palipochomoza meno manne madogo.

"Kuna maandishi hapo?"

Shemeji alisogeza taa. "Madogo sana. Yanaanza na 'S-P-K'."

"Ni 'spika' kwa kifupi. Hiyo ndiyo honi. Ushikilie, usiuachie. Nje unatikisika upi?"

"Huu hapa."

"Ufunge fundo moja. Na lisiwe fundo lako la ushonaji, dogo hilo. Fundo la kupapasika."

Alisikia pumzi yake ikiwa nzito alipokuwa akifunga. Wakaenda kwenye wa pili. Huu ulipanda kuelekea diski, na Mama Chapa alitabasamu kidogo kwa kuwa aliijua njia kabla ya kuifika. Kisha waya ukaisha. Haukuwa umeshika kitu. Ncha yake ilikuwa inaelea hewani.

"Shemeji, tazama. Kinasa kipo?"

"Kipo, kimegandishwa kwenye hiki kisanduku cha chuma. Lakini kina vijiwaya viwili kama unywele, vimekatika."

"Vimekatika au vimechomoka?"

"Vimekatika." Akaisogeza taa karibu zaidi. "Nadhani ni ile pasi. Nilipoining'iniza, iliuvuta waya."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. "Mikono yako!" alisema. "Kila inachokigusa lazima inyooshe, inyooshe, inyooshe. Nani alikuomba? Watu walikuja kuomboleza, hawakuja kukagua nyaya! Kaka yako alitumia Jumapili nzima kwa kitu hiki, wewe umekimaliza kwa sindano."

Shemeji aliweka taa chini.

"Sikuweza kukaa na wale watu," alisema. "Kila anayeingia ananiambia jinsi ninavyofanana naye. Nikaona nyaya zile, nikasema afadhali nishike kitu. Nilikuwa nalia, shemeji. Ndiyo maana nilikawia mchana mzima."

Barabarani lori lilipita, vioo vikatikisika. Mama Chapa alitaka kusema neno la kumpoza lakini halikuja, na lile la hasira lilikuwa bado liko mdomoni. Akasema tu, "Chuma cha kulehemu cha Fundi kiko droo ya pili. Jaribu."

Akajaribu. Mkono uliozoea sindano ulitulia vizuri kuliko alivyotarajia, lakini joto la chuma ni jambo jingine. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda puani.

"Kimeyeyuka," Shemeji alisema kwa sauti ndogo.

"Chote?"

"Upande mmoja. Ule uliokuwa na vijiwaya."

"Basi. Acha. Zima chuma hicho usije ukachoma na meza."

Waya wa tatu walijua ni wa nani kwa kuwa hakubaki mwingine, lakini Mama Chapa aliufuata kwa vidole mpaka mwisho wake, kwa kuwa mwenye kuumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Shemeji akafunga mafundo matatu.

"Na huu wa pili ufunge mawili," alimwambia.

"Lakini haupeleki kitu, shemeji."

"Ufunge."

Akaufunga. Wakarudisha kifuniko, na skrubu moja ikabaki kwenye kisosi isijulikane ni ya wapi. Mama Chapa akazirudisha spika kwenye kopo, akachomeka pini mwenyewe: fundo moja kushoto, mafundo matatu kulia, tundu la katikati akaliacha wazi. Akapapasa soketi ukutani. Akawasha.

Ilikuwa sekunde kumi, labda kumi na tano. Kisha spika zote mbili zikapiga mlio mmoja mpana hata glasi iliyokuwa dirishani ikajibu. Shemeji akaruka na kugonga kiti.

"Mama yangu!"

"Nyamaza. Bado."

Honi ikalia mara mbili, fupi fupi. Mama Chapa akabonyeza kitufe. Baada ya kitambo Msomaji akasafisha koo lake la mashine na kusema yuko tayari.

"Ndiyo hii tu?" Shemeji aliuliza. "Taabu yote hii, wiki nzima, ni kwa ajili ya milio hiyo mitatu?"

"Ndiyo hii tu."

"Na ile ya kutafuna?"

"Hiyo umeiyeyusha."

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliokota futi yake, akasema atapita kesho kuona kama anahitaji kitu, akaenda zake. Mama Chapa alivaa hedifoni za rekoda. Siku hiyo na Jumapili alipiga upya kurasa zote thelathini na moja, na kumi na nne zilizobaki, mgongo ukimuuma na wale ndugu wawili wakirudia matusi yaleyale kwa mara ya pili. Katikati ya ushahidi wa mzee mmoja aliacha kupiga chapa, akainamisha kichwa, akalia kwa muda, kisha akairudisha rekodi nyuma kidogo na kuendelea pale alipoachia.

Jumatatu karani alifika saa tatu na dakika ishirini. Alifungua kazi kwenye kompyuta yake ndogo palepale mlangoni, akapitisha macho, akasema, "Ahsante, mama," akatoa rekodi mpya mfukoni na kumwekea kiganjani. Habari ya yule bwana hakuigusa.

Yule mtaalamu mwenye manukato aliulizwa kuhusu kinasa kingine cha namna ile, akasema hajui vinapopatikana siku hizi. Mafundi wawili zaidi walikuja, wakatazama kopo, wakaondoka. Asubuhi honi hulia, na Mama Chapa anajua lini abonyeze. Diski haisikiki. Jioni, Msomaji akishanyamaza, yeye huketi mikono juu ya meza, huhesabu hadi mia mbili bila kuharakisha, ndipo anakata umeme ukutani.